Bolti Isiyo na Namba

Vijana wa gereji, mmenibana niandike kwa sababu mnasema nikisimulia nazunguka sana. Haya, naandika, tuone kama kalamu itaninyoosha. Vyeo nitaviruka, maana cheo changu cha kwanza kilikuwa kulala chini ya gari, na cha mwisho kilikuwa hicho hicho. Mshahara nao nitauruka. Ulikuwa mfupi, na habari yake ni fupi vilevile. Nitaandika kazi, hasa habari ya bolti moja iliyonifundisha kubisha mbele ya mtu mwenye sare bila kupandisha sauti.

Kwanza jina, ambalo najua wengine wenu mnalimeza mkiwa mbele ya wakwe. Mimi nimestaafu kutoka gereji bubu. Wanaiita bubu kwa sababu haina kibao, haina leseni ukutani, na kusema kweli haina ukuta wa kutundikia hiyo leseni. Jina hilo sijawahi kulikataa. Nilichokataa ni maana wanayoipa, kwamba mtu asiye na kibao hana la kusema kuhusu chuma.

Sikuanzia hapa Kikuyu, Dodoma. Nilianzia karakana ya serikali, yenye paa refu na shimo la ukaguzi lililosakafiwa, na fundi aliyenipokea siku ya kwanza aliitwa Mzee Jumanne, Mrangi wa Kondoa, mfupi, mwenye sauti ndogo ambayo ilibidi uinamishe kichwa kuisikia. Nadhani aliifanya ndogo makusudi. Alinipa karai la bolti zilizotoka kwenye lori, akaniambia nihesabu.

"Sabini na tatu, mzee."

"Hesabu tena."

Nikahesabu tena. Sabini na tatu. Nikamwambia kwa kujiamini, kama kijana yeyote aliyepata jibu lile lile mara mbili. Mzee Jumanne akainua kiatu chake cha kushoto. Chini yake palikuwa na bolti.

"Umehesabu mara mbili kitu kimoja," akasema. "Hiyo ni mara moja. Hesabu ya kwanza ni ya zilizomo kwenye karai. Ya pili ni ya matundu yaliyoachwa wazi kwenye gari. Zikilingana, kanywe chai."

Tangu siku hiyo nahesabu hivyo kila kitu, pamoja na maandazi ya mama lishe, na ndiyo maana mama lishe wa mtaa huu hanipendi.

Enzi hizo ghala letu la vipuri lilikuwa na karani, daftari na kalenda ya ukutani. Vipuri ndivyo havikuwepo. Ukitaka bolti ya gari dogo ulitafuta ekseli ya lori lililokufa, ukaipeleka kwa Mzee Jumanne kwenye mashine ya kukereza, na jioni ukapata bolti yenye joto la mikono. Tulilalamika sana. Hatukujua kwamba tulikuwa shuleni.

Kisha zikaja enzi za ruksa. Mipaka ikafunguka, na vipuri vikamiminika mjini kama kumbikumbi baada ya mvua ya kwanza. Barabara ya sokoni peke yake ilipata maduka mengi kuliko nilivyokuwa na spana. Na katika miezi hiyo hiyo, karakana ikaanza kupungua. Kwanza walipunguza chai, halafu sabuni ya kunawia, halafu wakatupunguza sisi. Nilitoka na sanduku la spana, mtaimbo mmoja, na kipimo changu cha kutelezesha, kile tunachokiita venia, ambacho mpaka leo kinasoma unene wa unywele. Nikajenga kibanda cha mabati Kikuyu, nikachimba shimo la ukaguzi kwa jembe, siku nne, kwa sababu ardhi ya Dodoma wakati wa kiangazi haina tofauti na sakafu ya benki.

Mama Agnesi alikuja Jumatano. Nakumbuka siku kwa sababu kila kitu katika habari hii kilihesabiwa kwa siku. Alikuwa mpiga chapa katika idara moja ya serikali, naye akapunguzwa kama mimi. Kiinua mgongo chake alikinunulia gari kwenye mnada wa magari chakavu: saluni ya Kifaransa ya miaka ya sitini, rangi ya maziwa yaliyomwagikiwa chai, taa za duara, na kiti cha nyuma kipana cha kutosha wazee watatu wenye ugomvi. Gari zuri. Wenye macho ya mjini walilicheka, wakasema kanunua mahame.

"Fundi, habari za kazi? Nimeambiwa wewe ni mbishi."

"Wamekosea, mama. Bei yangu ndiyo mbishi. Mimi mwenyewe mpole."

"Basi leo nimekuja kuzungumza na bei yako."

Akanieleza. Kikao cha Bunge kilikuwa kinaanza Jumanne inayofuata. Wageni wanajaa mji mzima, na meneja wa nyumba ya wageni moja alikuwa amemwahidi kwamba wateja wake wote watachukuliwa na gari hilo kama teksi, kwa sharti moja: mpaka Jumatatu saa kumi awe na cheti cha mkaguzi wa magari. Bila cheti, kazi inakwenda kwa mwenye gari jipya. Alikuwa ameshajaribu mara moja, mkaguzi akamrudisha, akaandika "usukani na mbele pamelegea". Akirudishwa mara ya pili gari linafutwa kwenye usajili.

"Likifutwa nalifanyia nini? Napanda viazi ndani yake? Nitaliuza kwa kilo, nirudi Mvumi nikalime uwele. Kiinua mgongo changu chote kimesimama hapo kwenye matairi."

Nililipeleka gari mpaka kwenye tuta la barabarani na kurudi. Lilipopanda tuta, upande wa kushoto uligonga kwa! kwa! kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba ya mdaiwa. Nikaingia shimoni, nikachomeka mtaimbo chini ya mkono wa chini, ule mkono wa chuma unaoshika gurudumu la mbele na kupanda na kushuka nalo. Nikausukuma. Ukacheza. Mkono ule unashikiliwa kwenye mwili wa gari kwa bolti mbili kila upande, jumla nne, kila moja ikipita katikati ya bushi ya mpira. Nikazitoa, nikazipanga juu ya gunia. Zilikuwa zimelika kiunoni kama mfupa uliokaa na mbwa.

Naomba msikie hili vizuri, maana nimewaona mkilifanya. Aliyezifunga kabla yangu alitumia bolti zenye meno mpaka karibu na kichwa. Meno ni ya kushika nati tu. Yakiingia ndani ya tundu yanafanya kazi ya msumeno: gari likitikisika, yanakata. Tundu moja la kushoto lilikuwa limeshaacha kuwa duara, limekuwa yai. Bolti ya mahali pale inatakiwa mwili laini, mnene sawasawa na tundu, na meno yaanzie nje.

"Bolti mpya ninazo," Mama Agnesi akasema. Akafungua kitambaa cha mkononi. Ndani mlikuwa na bolti nne zinazong'aa kiasi kwamba nilijiona pua. "Tena si za kawaida. Za Nane Nane."

"Za nini?"

"Za Nane Nane. Muuzaji kaniapia. Zilikuwa kwenye maonyesho ya wakulima, zikashinda. Si unaona wamezipiga muhuri?"

Kweli kichwani paliandikwa nane, nukta, nane. Nilijizuia kucheka, nikashindwa. Nikamweleza kwamba hiyo ni namba ya nguvu ya chuma, kiwandani, na haina undugu na sikukuu ya wakulima. Kwamba bolti yenye namba hiyo kwa haki inafaa kabisa. Ila miaka hii kila bolti inazaliwa na namba hiyo, mpaka bolti za vitanda. Muhuri ni rahisi kuliko chuma.

"Unajuaje kama hizi si za haki?"

Nikampa tupa ashike mwenyewe. Hii ndiyo desturi yangu, mteja apime kwa mkono wake, maana mkono wangu una faida ndani yake. Akasugua ukingo wa kichwa cha bolti. Tupa ikang'ata, unga wa chuma ukamwagika kama anakwaruza sabuni ya mche. Nikabana bolti ile kwenye jiliwa, nikaigonga nyundo mara mbili. Ikainama polepole, kama mtu anayeamkia. Nikaigonga upande wa pili, ikarudi ikanyooka.

"Adabu inayo," nikasema. "Nguvu ndiyo haina."

Hakucheka. "Kule kwenye gereji yenye kibao wamesema watazifunga kwa saa moja."

"Waache wazifunge. Ila uniachie jina la ndugu yako wa karibu, ili nijue nani wa kumpelekea taarifa."

"Fundi, una mdomo mchafu."

"Gari hili litakuwa na watu watano, mama, kwenye barabara ya lami, dereva akiharakishwa na mheshimiwa aliyechelewa. Bolti moja ikikatika, gurudumu linalala. Mimi siwezi kuzifunga hizi. Mwingine anaweza. Chagua."

Alikaa kwenye tairi langu kuukuu muda mrefu akizitazama zile bolti nne. Mwishowe akasema, "Una mpaka Jumapili," akaenda zake bila kuaga, bolti akaniachia.

Saluni ya aina ile haikuwa na ndugu wengi mkoani. Nilijua mmoja. Mzee Jumanne aliwahi kuniambia kwamba kijijini kwao Kolo kulikuwa na mtafiti wa Kizungu aliyekuja kutazama michoro ya mapangoni, gari lake likaua injini wakati bado jipya, akaliacha kwa mwenyeji wake. Injini kufa mapema ni habari mbaya kwa mwenye gari. Kwa mtafuta bolti ni habari njema, maana miguu haijachoka. Alhamisi alfajiri nikapanda basi la Kondoa, kifukoni nina spana mbili, venia, kopo la mafuta ya taa na zile bolti nne zinazong'aa. Mpaka leo sijui kwa nini nilizibeba. Nadhani sipendi kuacha chuma cha mteja bila mtu.

Mwenyeji mwenyewe alikuwa Mzee Iddi, kanzu imefifia, bakora mkononi. Gari lilikuwa uani, limewekwa juu ya mawe, madirisha yamezibwa kwa matete, na kwenye kiti cha dereva alikaa jogoo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umetoka wapi?"

"Dodoma, mzee. Mimi Mgogo wa Kikuyu, fundi magari."

"Mgogo!" Akageukia wake zake waliokuwa wakipepeta. "Njooni mwone, wameacha kuomba mjini, sasa wanatufuata mpaka huku!"

Wakacheka wote, nikacheka nao, maana kwenye utani wa makabila ukinuna umeshashindwa. "Siombi, mzee. Nimekuja kubadilishana. Nataka bolti nne za miguu ya mbele ya gari hili."

"Hilo si gari. Hilo ni banda. Mna matetea kumi na mmoja wanaoatamia. Ukilegeza miguu banda litalala, mayai yatabingirika. Utayaatamia wewe?"

"Nitaweka bolti mahali pa bolti. Moja ikitoka, moja inaingia. Banda halitajua." Nikafungua kitambaa.

Mzee Iddi akachukua bolti moja, akaigeuza juani. Macho yake yakabadilika. "Hizi mpya."

"Mpya kabisa."

"Zangu zimeota kutu."

"Zako zimeota kutu nje tu, mzee, sitakudanganya. Ndani ni nzuri kuliko hizi. Hizi haziwezi kubeba gari linalotembea. Kuku zinaweza kuwabeba hata miaka hamsini."

Mnaweza kuniona mjinga, kumwambia mtu kasoro ya mali unayomuuzia. Lakini kupatana kuna mwiko wake. Bei unaweza kuifanyia ujanja mpaka jua lizame, chuma hapana. Mzee Iddi alinitazama, akagonga bakora chini.

"Kwa hiyo unanipa kibaya unachukua kizuri, na unaniambia."

"Ndiyo. Na nyongeza nitakutengenezea mlango wa dereva ufunguke, maana naona wake zako wanaingilia dirishani kuokota mayai."

Wanawake wakaacha kupepeta. Mke mkubwa akasema bila kuinua kichwa, "Mpe, Baba Zuhura. Mimi magoti yamekwisha." Biashara ikafungwa na yeye.

Nikafanya kazi mpaka alasiri, jogoo akinisimamia. Bolti tatu zilitoka kwa mafuta ya taa na subira. Nikazipima kwa venia: mwili laini, unene sawa kuanzia shingoni mpaka kwenye meno. Ya nne ilikuwa imeshikana na bushi yake. Nikaizungusha, ikakatikia ndani. Nikahesabu zilizo mkononi: tatu. Nikahesabu matundu niliyoyafungua: matatu. Hesabu zililingana na bado sikuwa na hamu ya chai. Nikafunga tatu zinazong'aa kwenye banda, nikatengeneza mlango, nikala wali kwa kuku wa jirani, maana Mzee Iddi alikataa kuchinja mpangaji wake. Ijumaa nikarudi mjini na bolti tatu za haki na moja ya Nane Nane.

Mama Agnesi alikuwa ananisubiri kibandani. Akahesabu kwa macho.

"Tatu."

"Tatu."

"Basi funga hizo tatu na hiyo moja inayong'aa. Fundi, nakuomba. Moja tu kati ya nne."

"Sawa. Niambie abiria gani atakaa upande wa hiyo moja."

Nikaona amekasirika, na sikumlaumu. Mtu akikukatalia kwa jeuri unaweza kumtukana, ukalala. Akikukatalia kwa swali unakwenda nalo nyumbani.

Jumamosi nikamfuata Mzee Jumanne. Karakana ilikuwa karibu tupu, inasubiri mnunuzi, yeye amebaki kama mlinzi wa mashine yake mwenyewe. Nikampa kipande cha ekseli ya lori. Hakuniuliza cha nini. Umeme ulikuwa wa mgao. Tulikaa kwenye ngazi tukiusubiri kama watu wanaosubiri mgonjwa aamke, mpaka saa nane mchana taa ya ukutani ikawaka. Akasimama haraka kuliko umri wake.

Alikereza bolti ile kwa saa mbili unusu. Alipofika shingoni, pale kichwa kinapokutana na mwili, akapunguza mwendo, akaacha mviringo mdogo badala ya kona kali.

"Kwa nini usikate kona, ikakaa vizuri?" nikamuuliza, ingawa jibu nilikuwa nalijua. Nilitaka kulisikia tena.

"Ufa unapenda kona," akasema. "Ukiunyima kona hauna pa kuanzia."

Meno akayaanzisha nje ya tundu. Akaifuta kwa kitambaa, akanikabidhi. Haikuwa na muhuri wala namba. Ilikuwa nyeusi kidogo, nzito, na ukiiangusha sakafuni ilitoa mlio mmoja mrefu. Jumapili baada ya ibada Mama Agnesi akaja na nguo zake za kanisani. Lile tundu lililokuwa yai nilikuwa nimeshalijaza kwa kuchomelea na kulichonga upya kwa tupa ya duara. Nikafunga bushi mpya na bolti zote nne, tukapita kwenye tuta. Hodi haikusikika.

Jumatatu saa tatu asubuhi tulikuwa kwenye yadi ya ukaguzi. Mkaguzi alikuwa mrefu, sare imepigwa pasi mpaka ungeweza kukatia karatasi. Alijaribu breki, taa, honi. Akatikisa magurudumu ya mbele, hayakutikisika. Akaingia shimoni na tochi, nami nikainama ukingoni.

"Moja, mbili, tatu zina alama za kiwanda. Hii ya nne namba yake iko wapi?"

"Haina, afande."

"Imetoka kiwanda gani?"

"Kwa Mzee Jumanne."

"Hicho ni kiwanda?"

"Kilikuwa, afande, kabla hakijapunguzwa."

Akatoka shimoni. "Wewe gereji gani?"

"Gereji bubu ya Kikuyu."

"Bubu, na unajibu hivyo?" Askari wawili waliokaa kwenye benchi wakacheka. Yeye hakucheka. "Sikilizeni. Sehemu kama hii sipitishi bolti ya kienyeji. Leteni yenye namba. Nane nukta nane ikiwekwa hapo, nasaini."

Nikatia mkono mfukoni, nikatoa ile iliyobaki, inayong'aa. "Kama hii?"

Akaipokea, akasoma kichwa. "Kama hii hasa."

"Nikiifunga sasa hivi unasaini?"

"Sasa hivi."

Cheti kilikuwa mbali nasi kwa kazi ya nusu saa. Nilimtazama Mama Agnesi, kwa sababu gari ni lake, viazi ni vyake na uwele wa Mvumi ni wake. Nilikuwa nimeshakataa mara mbili kwa niaba yake. Ya tatu sikuwa na haki nayo.

Alimfuata mkaguzi, akaichukua bolti kutoka kiganjani mwake kama unavyomnyang'anya mtoto kisu.

"Hii siitaki kwenye gari langu, afande."

"Mama, mimi ndiye ninayekwambia inafaa."

"Na mimi ndiye nitakayeiendesha. Fundi, mpe tupa."

Nikampa. Mkaguzi akasita, halafu akaibana bolti kwenye jiliwa ya yadi, akasugua. Unga ukamwagika kwenye viatu vyake. Akaniomba nyundo. Akagonga mara moja, bolti ikaamkia. Askari kwenye benchi wakasogea waone.

"Ing'oe hiyo ya kwenu," akasema. "Niione mwili."

Nikaingia shimoni, nikaegemeza jeki chini ya mkono, nikaitoa. Akaipima kwa venia yangu, mwanzo, kati, mwisho. Akapitisha kidole shingoni, akakirudisha, akakaa nacho pale kwenye mviringo. Akasugua tupa kichwani. Tupa iliteleza ikipiga kelele, ikaacha mikwaruzo miwili mitatu isiyo na maana.

"Nani kamfundisha huyo mzee kuacha shingo ya duara?"

"Sijui, afande. Mimi alinifundisha yeye."

Akanipa bolti. "Irudishe."

"Nitairudisha, ila nahitaji watu."

"Watu wa nini?"

"Wa kukaa garini. Bushi ni mpira. Nikikaza gari likiwa jepesi, siku likipanda watu mpira unajikunja, unachanika mwezi haujaisha. Nakaza likiwa limebeba uzito wake wa kazi. Jana walinikalia washona viatu wa jirani." Nikatazama yadi nzima. Walikuwapo watu watatu. "Afande mbele, askari wawili nyuma. Tafadhali mkae kama mnakwenda harusini."

Vijana, nimelala chini ya magari mengi, lakini sijawahi kukaza nati kwa raha kama ile. Juu yangu serikali imekaa kwenye viti, imetulia, imeshika magoti, na kila nilipovuta spana nilisikia sauti ya mkaguzi ikiuliza, "Tayari?" nami nikijibu, "Bado, afande, usitikisike." Nikahesabu bolti: nne. Nikahesabu matundu: hakuna lililo wazi. Nikatoka.

Askari wakashuka. Mkaguzi alipotaka kushuka, Mama Agnesi alikuwa ameshawasha gari. "Si lazima ulijaribu barabarani, afande?" Akabaki alipo. Nikarukia kiti cha nyuma.

Tulikwenda njia ya Chimwaga. Mama Agnesi aliendesha kama anavyopiga chapa, bila kutazama vidole. Alipita mashimo, akapanda matuta, mara mbili akakamata breki ghafla, na mara zote mbili gari likasimama limenyooka. Mkaguzi alikuwa amesogeza sikio dirishani, anasikiliza upande wa kushoto. Tulipofika Chimwaga akamwambia asimame. Akaweka karatasi gotini, akaandika, na pale palipotakiwa namba ya kipuri kilichobadilishwa akafikiri, akaandika "imechongwa, imepimwa, ni imara". Akasaini, akampa.

Tukarudi. Yadini mkaguzi akashuka, akajinyoosha sare. Mama Agnesi alikuwa amenyoosha mkono nje ya dirisha, kiganja juu.

"Nini tena, mama? Cheti si nimeshakupa?"

"Umenipa kule Chimwaga, afande. Kwenda ulikuwa mkaguzi. Kurudi ulikuwa abiria."

Askari wa benchi walisubiri waone itakuwaje. Mkaguzi alimtazama, akanitazama mimi, akapeleka mkono mfuko wa nyuma.

Alilipa ya kurudi.